Bwana Samaki wa Nchi Kavu

Bwana Samaki hakupanda chombo cha majini hata siku moja katika maisha yake ya kazi. Nalisema mwanzoni ili lisije likaonekana baadaye kuwa ni umbea. Mwenyewe hakulificha. Ukimuuliza, alikujibu kwamba hata daktari wa mifugo hajawahi kuwa ng'ombe.

Tulimwita hivyo sote, kama vile mtu wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Jina alilopewa na wazazi wake nililiona mara moja tu, kwenye barua nitakayoifikia. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa koti zito la sufu mwaka mzima, na kofia ambayo mkewe aliifuma upya kila ilipotoboka. Baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita naijua, nimezaliwa mtaa wa Chanji, lakini yeye alilivaa koti lile hata Oktoba jua likipasua udongo. Alisema ziwa lina ubaridi. Ziwa lenyewe lilikuwa mbali, unashuka kwa njia ya Matai mpaka Kasanga, na kwa magari ya wakati ule ilikuwa safari ya siku nzima kama mvua haikunyesha. Kama imenyesha, ni kudra.

Ofisi yetu ilikuwa ya vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa na simu ya upepo, na hapo nilikaa mimi, kazi yangu kuita na kuitikia. Cha pili kilikuwa na meza yake na ramani ya Ziwa Tanganyika iliyochukua ukuta mzima. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Majengo yalijaa sabuni za rangi zote, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande kimoja, na matajiri walikuwa wamenunua boti kubwa za uvuvi, zenye injini na nyavu za kuzungushia samaki, wakazishusha ziwani. Boti hizo zilipenda mno kuvua karibu na nchi kavu, kwenye mazalia ya samaki, na zikipita zilichana nyavu za wanavijiji. Malalamiko yakapanda mlima mpaka kwetu. Ndipo ikaja amri: kila boti ya uvuvi wa biashara itoe taarifa ya mahali ilipo, asubuhi na jioni, kwa simu ya upepo. Isipotoa, leseni inasimamishwa. Na kwa kuwa mlingoti wa redio ulikuwa huku juu Ufipa, si kule chini majini, waliopaswa kujua kila boti iko wapi wakawa watu wawili waliozungukwa na mashamba ya mahindi.

Pini za kuchomeka kwenye ramani tuliahidiwa, hazikuja. Bwana Samaki akachuma miiba, akaipaka vichwa rangi za kucha za mkewe, kila boti na rangi yake. Asubuhi nilimsomea taarifa, yeye akahamisha miiba. Jioni tena. Alifanya hivyo amesimama, kofia ameivua, kama mtu aliye kanisani. Kanisani kwenyewe alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kofia kichwani mpaka padri alipoingia, na hakuna aliyewahi kujua aliondoka saa ngapi.

Hilo la kuondoka ndilo lililonishangaza kwake kuliko yote. Mtu huyu, ambaye nahodha akichelewa kuita kwa robo saa alianza kutembea huku na huko, hakuvumilia kuulizwa anakwenda wapi. Ukimuuliza alisema, "Mbele." Ukimuuliza katoka wapi, alisema, "Nyuma." Mkewe, mama mpole anayelima ulezi kuliko wanaume wengi, alikuwa akija ofisini kuniuliza mimi. Nilimwambia nadhani yuko mjini kikazi. Tulijua sote wawili kwamba yuko kilabuni ananyonya kimpumu, pombe ya ulezi, kwa mrija, na tuliagana kwa heshima.

Kuhusu uongo wa watu wengine alikuwa na masikio ya mbwa wa kuwinda. Nahodha akisema yuko katikati ya ziwa, mbali na nchi kavu, Bwana Samaki hakubishana. Alikuja akainama juu ya redio, akasikiliza kilicho nyuma ya sauti. Asubuhi moja nahodha wa boti iliyoitwa Tausi alikuwa akitueleza jinsi alivyo mbali, na nyuma yake akawika jogoo. Bwana Samaki akachukua kipaza sauti.

"Nahodha, huyo jogoo naye ana leseni? Ova."

Kisha nahodha akajibu kwamba jogoo ni wa chomboni, wanamfuga kwa ajili ya kitoweo. Bwana Samaki akasema vizuri, jioni ataje idadi ya wavuvi na jogoo akiwemo. Nahodha aliona mlango umefunguka. Tulisikia baadaye kwamba alipofika Kasanga alinunua jogoo wa kweli, akamfunga mguu kwenye nguzo ya boti, awe shahidi wake. Na tangu siku ile kila taarifa ya Tausi ilikuja na kuwika.

Haikusaidia. Wiki mbili baadaye Bwana Samaki alisikiliza, akarudi kwenye ramani na kuusogeza mwiba wa Tausi mpaka ufukweni. Nilimuuliza kwa nini, wakati jogoo anajulikana ni wa botini. Akasema jogoo wa majini hajibiwi. Huyu kawika, na watatu wamemjibu.

Sifa zake zilisambaa, zikavuka mipaka ya samaki. Siku moja aliingia mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, fimbo mkononi, viatu vya matairi. Alikuwa amesikia mjini kwamba iko ofisi inayojua kila kitu kilipo. Alikuwa amepotelewa na dume lake jekundu. Mimi nilijificha nyuma ya redio nisionekane nacheka. Bwana Samaki akatoa fomu, ile ile ya boti, akajaza. Jina la chombo: Dume Jekundu. Mmiliki. Rangi. Mahali lilipoonekana mara ya mwisho. Alimuuliza maswali kwa saa nzima, na kila jibu akaliandika. Dume halikupatikana. Lakini yule mfugaji alirudi mwezi uliofuata akiwa na kibuyu cha maziwa, akasema amepita ofisi nyingi na hii ndiyo pekee iliyomuuliza chochote.

Sasa nifike kwenye kalamu na penseli.

Mwanzoni Bwana Samaki aliandika kwenye daftari la taarifa kile alichoamini. Nahodha akisema Wampembe, yeye akiamini Kala, vijiji vya ufukweni kaskazini ya Kasanga, aliandika Kala. Wenye boti wakalalamika, na mkubwa wake akamwita. Aliambiwa afisa si mpiga ramli. Aandike kinachosemwa na nahodha, kwa kalamu ya wino, atie sahihi, basi. Tangu hapo kwa wino aliandika kilichosemwa. Pembeni, kwenye ukingo wa ukurasa, kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa fupi kama kidole gumba, aliandika anachofikiri mwenyewe. Wino: Wampembe, mbali na nchi kavu. Penseli: Samazi, ufukweni. Na chini ya kila ukurasa palikuwa na maneno yaliyopigwa chapa: Nathibitisha kuwa taarifa hizi ni za kweli. Hapo aliweka sahihi yake, kila jioni, kwa wino.

Nilimwambia siku moja kwamba jambo hili litamletea balaa. Mtu akilifungua daftari ataona anathibitisha kwa mkono mmoja na kukanusha kwa mwingine. Akaniambia, "Binti, kalamu ni ya serikali. Penseli nimenunua mwenyewe."

Nilikuwa na sababu ya kuogopa daftari lile. Kaka yangu mkubwa alipata kazi kwenye Tausi, fundi wa injini. Nahodha akilala, yeye ndiye aliyeita. Kwa hiyo asubuhi nyingi nilikuwa naisikiliza sauti ya mtoto wa mama yangu ikinidanganya kuhusu mahali ilipo, nami naandika, halafu namuuliza kama amekula, ova. Mshahara wake ndio uliosomesha wadogo zetu wawili. Bwana Samaki alijua ni kaka yangu. Hakuwahi kunitaja, hakuwahi kuniuliza. Alisogeza tu mwiba.

Ikafika siku ambayo Tausi haikuita. Asubuhi ilikuwa imeita, kaka mwenyewe, akasema wako Wampembe, mbali. Jioni nikaita mpaka sauti ikakauka. Kesho yake asubuhi, kimya. Chini ziwani upepo wa kusini ulikuwa ukivuma kwa nguvu tangu jana, na boti iliyokuwa tayari kutafuta ilikuwa moja, Ushindi, iliyofunga Kasanga. Nahodha wake alisema ana mafuta ya kwenda upande mmoja na kurudi. Aambiwe upande gani.

Mwenye Tausi alikuwa amefika ofisini, mtu wa suti, amekuja na mkubwa wetu. Akauliza kitabu kinasemaje. Nikafungua, nikasoma kwa sauti yangu, maandishi ya wino: Wampembe, mbali na nchi kavu. Akasema basi, Ushindi iende Wampembe kwa njia ya katikati ya ziwa. Alikuwa na haraka. Nilifahamu kwa nini. Boti yake ikikutwa kwenye mazalia, leseni imekwenda, na nadhani alijipa moyo kwamba watu wake wataokolewa na mtu mwingine yeyote, mahali popote. Ushindi ikishika katikati ya ziwa haitaona kitu kilichoko ufukweni, na nilijua tangu utotoni kwamba kaka yangu hajawahi kuwa mahali alipoaga kwamba anakwenda. Lakini sikusema. Nilikuwa karani wa redio, nina miaka ishirini na sita, na mkubwa wa mkubwa wangu amesimama mlangoni.

Bwana Samaki alivua kofia. Alikuja mezani kwangu, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Ushindi, acha Wampembe. Ambaa na nchi kavu mpaka Samazi, tafuta kwenye miamba. Ova."

Mkubwa wetu akamkumbusha kwamba daftari linasema Wampembe, na lina sahihi yake. Bwana Samaki akasema ndiyo, ni sahihi yake. Akaulizwa Samazi kaitoa wapi. Akageuza daftari, akawaonyesha ukingo wa ukurasa. Wakasoma. Kisha wakafunua ukurasa wa nyuma yake, na wa nyuma yake, miezi na miezi ya penseli, na mwenye boti akaketi bila kukaribishwa.

Ushindi iliwakuta mchana, mbele ya Samazi, karibu kabisa na miamba. Injini ilikuwa imekufa, ubavu umepasuka, na watu kumi na mmoja walikuwa wakitoa maji kwa ndoo na sufuria, mikono imechubuka. Nahodha wa Ushindi alituambia wangechelewa saa moja wangekuta mbao. Hakuna aliyekufa isipokuwa jogoo. Niliposikia jina la kaka likitajwa nilitoka nje, nikakaa chini kwenye nyasi.

Sasa utadhani kaka alipanda mlima kuja kushukuru. Kaka alipanda mlima kuja kulalamika. Tausi ilinyang'anywa leseni kwa kuvua kwenye mazalia, wavuvi wote wakaachishwa, naye akarudi Chanji na begi lake, anasema mzee yule kamharibia maisha. Nilimwambia kamwachia maisha. Akasema maisha bila kazi ni nini. Hakwenda kumsalimia. Wakikutana barabarani, kaka alivuka upande wa pili.

Barua ya Bwana Samaki ilikuja baada ya miezi michache, katika wimbi lile la kupunguza wafanyakazi. Wengine walipunguzwa bila maelezo. Yeye alipewa maelezo: alithibitisha kwa sahihi yake taarifa alizojua si za kweli. Hapo ndipo nililiona jina lake kamili, kwa chapa, na likanipita kama jina la mtu nisiyemjua. Nilimwambia akate rufaa. Akasema barua haina kosa hata moja, na barua za serikali zisizo na kosa ni chache. Aling'oa miiba yote kwenye ramani, akaifunga kwenye karatasi, akaniaga. Nilimuuliza anakwenda wapi. Mnajua alichojibu.

Miaka ikapita. Ofisi ikahamishwa, redio ikatolewa, nikaolewa. Tukasikia boti kubwa sasa zinafungwa kidude kinachozungumza na setilaiti, hakuna anayeulizwa, hakuna jogoo anayesikilizwa. Na siku moja, kwenye msiba wa shangazi, kaka akaniambia jambo ambalo sikutaka kulijua. Aliniambia siku ile hawakuwa Samazi hata kidogo. Injini iliwafia kwenye mdomo wa Mto Kalambo, kule chini mpakani, kusini ya Kasanga. Ni upepo uliowasukuma usiku kucha na nusu ya siku, ukawapitisha Kasanga mpaka Samazi. Yule mzee wako, alisema, alibahatisha.

Nilimwomba asilirudie neno hilo kwa mtu yeyote. Mtu alitoa kazi yake, pensheni yake ikakatwa katikati, kwa ajili ya neno moja la penseli. Angalau neno liwe kweli.

Kaka alikuwa sasa anaendesha lori la kubeba samaki, na ndilo lililotufikisha kwa yule mzee, mwaka ambao nilikuwa nahitaji usafiri wa kwenda Matai kwenye shughuli za shule ya binti yangu. Bwana Samaki alikuwa amejenga kando ya barabara hiyo, nyumba ya matofali ya kuchoma na shamba la ulezi nyuma yake. Nilimwambia kaka nataka kusimama kumjulia hali. Nilishangaa aliposema sawa. Njiani nilimfundisha kama mtoto anayepelekwa komunyo ya kwanza. Nilimwambia, akikuuliza, mlikuwa Samazi. Kaka akasema amesikia.

Tulimkuta ameketi kibarazani na koti lake. Macho yalikuwa yamefifia, ukungu mweupe umeyafunika, lakini nilipotoa shikamoo aliitikia marahaba na kunitaja kwa jina kabla sijafika kwenye ngazi. Kisha kaka akasema shikamoo mzee. Bwana Samaki akageuza sikio. Sauti ile aliijua kuliko sura ya mwenyewe, maana sura hakuwahi kuiona karibu.

"Tausi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Mkewe alileta chai na viazi vya kuchemsha. Tukazungumza kuhusu bei ya mbolea, kuhusu mvua, kuhusu mapadri waliohamishwa. Kisha akaweka kikombe chini. Alisema kuna jambo moja amekaa nalo, si zito, ila humjia akiwa amelala mchana. Alitaka kujua kama siku ile walikuwa Samazi kweli. Aliuliza kwa sauti ya kazi, ile ile ya asubuhi na jioni. Mimi nilimkodolea macho kaka.

Kaka alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema, "Hatukuwa Samazi, mzee. Nilikudanganya asubuhi ile, na wewe ulikosea. Tulikuwa mdomoni mwa Kalambo. Upepo ndio uliotuleta Samazi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimchukia kaka yangu dakika ile kuliko nilivyomchukia mtu yeyote. Bwana Samaki akauliza upepo ulikuwa wa kutoka wapi, kaka akamwambia kusini. Akauliza injini ilikufa saa ngapi, kaka akamwambia. Niliona vidole vyake vikihesabu juu ya goti, vikipanda polepole ufuko wa ziwa ambalo hakuwahi kuligusa, Kalambo, Kasanga, mpaka Samazi.

"Kwa hiyo ungeniambia ukweli," akasema hatimaye, "ningeituma Ushindi Kalambo."

"Ndiyo, mzee."

"Na nyinyi hamkuwepo tena."

"Hatukuwepo. Tungekufa wote."

Bwana Samaki akasema, taratibu, kama anayeungama, kwamba upepo hakuufikiria hata mara moja. Miaka yote ile ya ramani hakuufikiria. "Mimi ni mtu wa huku juu, mwanangu. Kwetu gari likiharibika, linakaa palepale mpaka fundi aje."

Akaanza kucheka. Katika miaka yangu yote pale ofisini sikuwahi kumsikia akicheka, na sikujua kwamba anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika ndani ya koti, machozi yakimtoka kwenye yale macho meupe. Mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kaka alikuwa amepiga magoti, amemshika mikono yote miwili, anasema asante, asante mzee, neno lililomchukua miaka kumi na tatu kupanda kutoka ziwani. Bwana Samaki akamwambia ainuke, chai inapoa. Kaka hakuinuka. Mimi nililia, na sikuona sababu ya kugeuka nisionekane.